Maswali Yenu: Waroma wa Sweden, Kutia Bati, na Wiki Tatu kwa Kila Kambi

Toleo lililopita lilikuwa na nusu ukurasa tu kuhusu Waroma wa Sweden, na barua zimemiminika. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Sehemu kubwa inahusu Wakalderash, yaani ukoo wa mafundi wa shaba walioingia Sweden mwishoni mwa karne ya 19, kwa sababu wao ndio waulizwao zaidi.

Mwalimu wa historia, Morogoro: Wanafunzi wangu wanadhani Waroma ni watu wa Romania, wengine wanasema ni Warumi wa kwenye Biblia. Ni akina nani, na walifikaje kaskazini kule?

Si hao wala si hao, mwalimu. Asili yao ni India ya kaskazini, na ushahidi mkubwa ni lugha yao, maana wenyewe hawakuacha maandishi ya safari. Wafundishe watoto kuhesabu kwa Kikalderash: yekh, dui, trin, shtar, panzh, shov. Aliyewahi kusikia Wagujarati wakihesabu fedha dukani Dar es Salaam atatambua mara moja, kwani wao husema ek, be, tran, char, paanch. Kisha angalia saba, nane na tisa: efta, oxto, inya. Hayo ni ya Kigiriki. Kumi inarudi India: desh. Neno la farasi, grast, wamelichukua kwa Waarmenia. Kwa hiyo njia yao inasomeka ndani ya lugha: Uajemi, Armenia, kisha muda mrefu katika nchi za Wagiriki chini ya dola ya Bizanti, ndipo wakaingia Balkani.

Sweden ina tarehe kamili. Vitabu vya mji wa Stockholm vinaeleza kwamba Septemba 1512 kundi la familia kama 30 liliingia likiongozwa na mtu aliyejiita kabaila Antonius, wakisema wametoka "Misri Ndogo". Walipokewa vizuri. Ukarimu huo haukudumu: mwaka 1560 askofu mkuu aliwakataza makasisi kubatiza watoto wao na kuzika maiti zao, na amri ya 1637 iliruhusu wanaume wao wanyongwe bila kesi, wanawake na watoto wafukuzwe nchini.

Wakalderash ni wimbi jingine kabisa. Katika Wallachia na Moldavia, ambazo leo kwa sehemu kubwa ni Romania, Waroma walikuwa watumwa tangu karne ya 14. Walimilikiwa na mtawala, na monasteri na makabaila, na waliuzwa kama watumwa wengine wote. Moldavia ilikomesha jambo hilo 1855 na Wallachia 1856, na kama ilivyofanyika Zanzibar 1897, fidia walipewa waliomiliki watu, si watu waliomilikiwa. Katika miongo iliyofuata familia za mafundi wa shaba zilitawanyika hadi Urusi, Ufaransa, Amerika, na baadhi zikapitia Urusi na Finland hadi Sweden. Mlango ukafungwa 1914: sheria mpya iliwazuia Waroma kuingia nchini, na haikuondolewa hadi 1954. Hebu hesabu miaka hiyo. Katikati yake ndipo Wanazi walipowaua Waroma kwa malaki, na Sweden isiyokuwa vitani iliendelea kuwafungia mlango. Wachache walioingia 1945 pamoja na wafungwa waliookolewa na Msalaba Mwekundu walilazimika kuficha kwamba ni Waroma.

Mwanafunzi wa chuo, Nairobi: Nimesoma kwamba Mroma hawezi kukaa mahali pamoja, damu yake inamwita barabarani. Ni kweli?

Si kweli, na kwa Sweden inaweza kuonyeshwa hatua kwa hatua jinsi kuhamahama huko kulivyotengenezwa ofisini.

Anza na daftari. Sweden ya nusu ya kwanza ya karne ya 20, mtu alitambulika kwa kuandikishwa katika parokia. Akishaandikishwa, manispaa ya pale ndiyo iliyobeba jukumu la kumtunza akifukarika. Hakuna manispaa iliyotaka mzigo wa ziada, kwa hiyo njia rahisi ilikuwa kutomwandikisha Mroma kabisa. Familia ikipiga hema pembeni mwa mji, polisi alifika na kuwaambia siku walizopewa. Kwa kawaida zilikuwa wiki tatu, na mara nyingine hazikufika hata hapo. Usitafute kifungu kimoja cha sheria ya nchi kinachotaja wiki tatu. Ulikuwa utaratibu wa manispaa na polisi wake, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kuupinga mahakamani: ungemshitaki nani?

Sasa tazama yaliyofuata. Huna anwani, basi huna nafasi kwenye foleni ya nyumba. Huna nyumba, basi unalala hemani: turubai refu, jiko la chuma katikati, mbao au matawi ya msonobari chini, na nje baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Mtoto akipelekwa shule, wiki ya tatu anaondoka, tena kama wazazi wa watoto wengine hawajalalamika kabla. Kuanzia 1943 palikuwa na shule ya kuhamahama iliyofundisha wiki chache za kiangazi, na ilihesabiwa kuwa ndiyo suluhisho. Ni kama kumpa mtu mwavuli baada ya kumbomolea paa. Ikumbukwe pia kwamba idadi yao ilikuwa ndogo mno. Wakati serikali inawahesabu mwaka 1943 katika nchi ya watu zaidi ya milioni sita, Wakalderash hawakufika hata elfu moja. Na katika miongo hiyohiyo zilikuwapo sheria za kufunga uzazi za 1934 na 1941, ambazo Waroma na Wasafiri wa Sweden, kundi jingine lililo nchini kwa karne nyingi, waliathiriwa nazo.

Aliyeyaweka haya mezani kwa lugha ambayo Waswidi hawakuweza kuikwepa ni Katarina Taikon, aliyezaliwa hemani karibu na mji wa Örebro mwaka 1932, baba Mkalderash na mama Mswidi. Alijifunza kusoma na kuandika akiwa mtu mzima. Mwaka 1963 alitoa kitabu chake cha kwanza, na Mei Mosi 1965 yeye na dada yake Rosa waliandamana Stockholm. Dai lao halikuwa na falsafa yoyote ndani yake: watoto wetu, na sisi wakubwa tuliokosa, tuingie darasani. Desemba 1964 alikuwa amekutana na Martin Luther King, aliyepitia Stockholm baada ya kupokea tuzo ya Nobel. Baadaye aliona kubishana na watu wazima kunamchosha, akawageukia watoto na kuandika vitabu 13 kuhusu msichana aitwaye Katitzi. Kwa maoni yetu hivyo ndivyo vilivyobadilisha nchi kuliko maandamano.

Wakati huo bado kulikuwa na kambi, kama ile ya Skarpnäck kusini mwa Stockholm mwanzoni mwa miaka ya 1960. Serikali kuu ilipoanza kuzirudishia manispaa gharama za kuwapatia Waroma makazi, ile "damu inayoita barabarani" ilitulia kwa haraka ya ajabu. Kufikia miaka ya 1970 karibu wote walikuwa nyumbani, ingawa mara nyingi walipewa nyumba mbovu ambazo wengine walizikataa. Machi 2014 serikali yenyewe ilichapisha ripoti inayokiri mfumo huu wote.

Fundi, Mji Mkongwe, Zanzibar: Mmeandika kwamba kazi yao ilikuwa kutia bati vyombo vya shaba. Mimi nina masufuria mawili ya shaba ya kurithi. Wao walikuwa wakifanyaje?

Jina Kalderash lenyewe limetokana na neno la Kiromania la sufuria kubwa. Wateja wao Sweden walikuwa mahoteli, viwanda vya mikate, vya maziwa, kambi za jeshi na wake wa wakulima. Kazi ilidumu mpaka alumini na chuma cha pua kisichoshika kutu vilipojaa jikoni, kuanzia miaka ya 1930.

Kwanza kagua. Ukiona ndani wekundu wa shaba mpana kuliko sarafu, bati limekwisha. Chakula chenye uchachu, kama siki, ndimu au nyanya, huila shaba tupu na kuacha kutu ya kijani inayoleta kichefuchefu na kutapika. Mabonde yanyooshwe mapema kwa nyundo ya mbao, maana ukigonga baada ya kutia bati utalichubua.

Usafi ndio nusu ya kazi. Chemsha sufuria kwa maji ya majivu au magadi hadi mafuta yote yatoke. Kisha pitisha tindikali ya haidrokloriki iliyozimuliwa (mimina tindikali ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya tindikali), sugua kwa mchanga laini hadi shaba iwe ya waridi, suuza. Toka hapo usiguse ndani kwa vidole. Alama moja ya kidole ni mafuta, na bati halitashika pale. Nje paka uji wa chaki ukauke, ili bati likichuruzika lisigande upande usiotakiwa.

Dawa ya kulifanya bati litandae hutengenezwa kwa kutia vipande vya zinki ndani ya tindikali hadi vikome kutoa mapovu. Wengine hutumia unga wa amonia kloridi. Fanya nje penye upepo, moshi wake ni mkali kwa kifua.

Halafu moto wa mkaa na mivukuto, ukizungusha sufuria kwa koleo ili joto liwe sawa. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232. Fundi wa Kikalderash hakuwa na kipimajoto, aligusisha fimbo ya bati kwenye shaba: ikiyeyuka papo hapo na kukimbia, moto umefika. Paka dawa, sugua bati, na bila kupoteza sekunde tandaza kwa pamba au katani iliyofungwa kwenye kijiti, duara kwa duara, kutoka chini kupanda kingo. Utando ni mwembamba sana. Sufuria ya lita 5 hula kama gramu 50 tu. Mwisho chovya kwenye maji baridi.

Kuna makosa makuu matatu. Moto ukizidi, bati hugeuka manjano kisha hufifia, na shaba huwa nyeusi. Hapo huna budi kurudi kwenye tindikali. Moto ukipungua, bati huwa na mabonge. Pamba ikiwa na unyevu, bati la moto huruka usoni. Kosa la nne ni la udanganyifu zaidi kuliko ufundi: kuchanganya risasi kwa sababu ni rahisi kwa bei. Risasi ni sumu. Kwa chombo cha chakula nunua bati safi, wala usitumie waya wa kulehemu usioujua.

Na baada ya hapo usiweke sufuria tupu motoni, wala usilisugue kwa steeliwaya. Mbao na kitambaa vinatosha.

Hicho kizazi cha mafundi hakikuishia kwenye sufuria. Rosa Taikon (1926–2017), aliyerithi ufundi wa fedha kwa baba yake, alisomea pia chuo cha sanaa cha Konstfack, na kazi zake sasa zimo katika makumbusho ya taifa.

Mhudumu wa wazee majumbani, Göteborg: Ninamhudumia bibi wa Kikalderash. Alinikasirikia niliponawa mikono kwenye sinki la jikoni, na siku nyingine nilipofua taulo za vyombo pamoja na nguo zake. Sikuelewa.

Dada, ulivunja kanuni mbili kubwa bila kujua. Kwa Wakalderash wa kizazi chake mwili umegawanyika kiunoni. Juu ni safi. Kiuno kwenda chini na kila kilichogusa huko ni marime, yaani najisi. Sabuni yako na kufua kwa nyuzi 90 havibadili kitu, kwa kuwa suala si vijidudu. Sahani iliyoguswa na upindo wa sketi kwa familia zinazoshika sana haioshwi, inatupwa.

Kwa vitendo, fanya hivi. Nawa mikono bafuni, sinki la jikoni ni la chakula na vyombo peke yake. Taulo za vyombo na vitambaa vya meza fua peke yake, tena wengi wana beseni maalumu la hayo na hufua kwa mkono, kwa hiyo uliza lipo wapi. Nguo za juu na za chini tenga. Unapomwogesha tumia vitambaa viwili vya rangi tofauti na taulo mbili, anza uso, mikono, kifua, ndipo ushuke, na kitambaa cha chini kisipande tena. Maji yanayotiririka ni bora kuliko karai. Usiweke mkoba, funguo, kitana wala viatu mezani. Usiruke chombo cha chakula kilicho sakafuni.

Mambo ya choo na uzazi usiyataje mbele ya mwanawe wa kiume au wageni. Msogelee, sema kwa sauti ya chini. Zamu ikimwangukia mhudumu mwanamume, mweleze msimamizi wako mapema abadilishe. Na andika haya yote kwenye mpango wake wa huduma, maana hasira nyingi hutokea siku ambapo mhudumu wa zamu ni mgeni. Ukimwita "bibio" atafurahi: kwa lugha yao ni shangazi, na ndivyo mwanamke mzee anavyoheshimiwa. Mzee wa kiume ni "kako".

Vijana wengi wamelegeza kanuni hizi. Wewe fuata za bibi.

Msomaji kutoka Bukavu, sasa Stockholm: Jirani yetu Mroma amefiwa na baba. Tumealikwa kwenye "pomana". Twende na nini?

Pomana ni karamu ya marehemu. Hurudiwa siku ya tatu, ya tisa, wiki ya sita, wengine miezi sita, na mwaka. Ile ya wiki ya sita imelingana na arobaini yetu, kwa siku na kwa nia.

Mnakaribishwa kwenye meza ndefu iliyojaa. Mtakuta sarmi, majani ya kabichi yaliyoviringishiwa wali na nyama, na matunda kwa wingi. Mishumaa huwaka. Mtu wa jinsia na umri unaokaribiana na wa marehemu huvikwa nguo mpya kuanzia viatu hadi kofia, na hukaa mezani kwa niaba yake. Msishangae na msimpige picha. Chakula alichokipenda marehemu hutafutwa hata kama si msimu wake.

Fikeni kwa wakati, wanawake na sketi ndefu. Maua yanapokewa, chupa ulizeni kwanza, kwani familia za Kipentekoste hazinywi, na baadhi yao zimeiacha pomana yenyewe. Kuleni. Kukataa kula ni kumkatalia marehemu. Lakini msifungashe cha kwenda nacho nyumbani mpaka mwambiwe. Wafiwa wakiwa katika maombolezo hawachezi muziki wala kuwasha televisheni, basi simu zenu zinyamazisheni.

Mombasa: Kweli wanajua kusoma viganja?

Wanajua kuisoma pochi yako. Uaguzi ulikuwa kazi ya wanawake ya kuingiza fedha, wakiwaagulia gaje, yaani wasio Waroma. Wenyewe kwa wenyewe hawaaguliani, na makanisa ya Kipentekoste yaliyoenea kati yao tangu miaka ya 1950 yameikataza kabisa.

Bujumbura: Je, wana mahari? Na ndoa ikivunjika, nani anaamua?

Wanayo, na inafanana zaidi na ya Burundi kuliko ya Kiislamu: hupewa baba wa bibi arusi, si bibi arusi. Mke mpya, bori, huhamia kwa wakwe na kwa miaka ya mwanzo kazi nyingi za nyumba huwa zake.

Ndoa ikivunjika huitishwa kris, yaani baraza la wazee wanaoheshimika kutoka koo zisizohusika. Huzungumzwa Kiroma tu. Kila upande hueleza mpaka umalize, na kuna kiapo. Swali kuu huwa kosa ni la nani: mume akiwa mkosaji, mahari hairudi au hurudi kidogo, mke akiondoka bila sababu, hurudi sehemu kubwa. Miaka ya ndoa na watoto hupunguza kinachorudi. Baraza halina polisi wala jela, lina faini na lina kumtangaza mtu marime, na huyo hakuna atakayekula naye meza moja hadi muda uishe. Kwa watu ambao maisha yao yote ni ya jamaa, adhabu hiyo inauma kuliko faini.

Udhaifu wake ni kwamba wanawake kwa desturi husemewa. Kizazi kipya kinalipigania hilo. Na kris haichukui nafasi ya sheria ya nchi: tangu Julai 2014 hakuna ruhusa ya pekee ya kuoa aliye chini ya miaka 18 Sweden, na kumwoza mtoto, hata bila cheti, ni kosa la jinai.

Uppsala: Wale wanaokaa na vikombe nje ya maduka ndio hao hao?

Hapana. Wale ni raia wa Romania na Bulgaria waliokuja baada ya nchi zao kuingia Umoja wa Ulaya 2007, na si wote ni Waroma. Kwa sheria za Umoja huo wanaweza kukaa miezi mitatu bila kujisajili. Mwaka 2015 mratibu wa serikali alikadiria hawafiki 5,000. Waroma wa Sweden wanakadiriwa kati ya 50,000 na 100,000, na ni makadirio tu kwa kuwa nchi haiandikishi kabila. Ndani yao mna Wakale wa Finland, ambao wanawake wao utawatambua kwa sketi nzito za mahameli; Waarli na Wagurbet wa Balkani; Walovari; na Wasafiri walio nchini kwa karne nyingi. Mkale na Mkalderash wakikutana mara nyingi huzungumza Kiswidi.

Kutoandikisha kabila kuna mipaka yake. Septemba 2013 gazeti la Dagens Nyheter lilifichua kwamba polisi wa mkoa wa Skåne walikuwa na orodha ya Waroma zaidi ya 4,000, wakiwemo watoto wadogo na marehemu. Kwanza kila aliyeorodheshwa alipewa fidia ya krona 5,000 za Sweden. Walioshitaki wakashinda 2016 na kuongezewa 30,000.

Mama wa Kitanzania, Malmö: Mume wangu ni Mkalderash. Shule imesema haina la kufanya kuhusu Kiroma kwa sababu mtoto wetu ni peke yake. Tunakubali tu?

Msikubali. Kiroma ni mojawapo ya lugha tano za jamii ndogo za taifa zilizotambuliwa Sweden tangu 2000. Kwa lugha za kawaida za wahamiaji, Kiswahili chetu kikiwemo, manispaa inaweza kudai wapatikane watoto watano. Kwa Kiroma mtoto mmoja anatosha. Wala halazimiki kuwa anakizungumza nyumbani au anakijua tayari. Yatosha mzazi mmoja kuwa na lugha hiyo.

Jazeni fomu ya masomo ya lugha ya mama ya manispaa, na kwenye lugha msiandike "Kiroma" peke yake. Andikeni Kiroma cha Kikalderash. Kosa hili ndilo linaloharibu mengi: mtoto hupangiwa mwalimu wa Kiarli au Kikale, haelewi, baada ya mwezi anaacha, na shule inaandika kwamba familia haikutaka.

Kinachoruhusiwa kuwakwamisha kisheria ni kimoja, kukosekana kwa mwalimu anayefaa. Wakisema hivyo, ombeni kwa maandishi waeleze wamemtafuta wapi, na pendekezeni mwalimu wa mbali kwa video, ambayo imeruhusiwa kwa lugha ya mama tangu 2015. Chuo Kikuu cha Södertörn kimekuwa kikiwafunza wafanyakazi wa Kiroma wanaounganisha shule na familia. Ulizeni kama manispaa yenu inaye mmoja wao. Mkijibiwa hapana bila sababu, pelekeni malalamiko kwenye ukaguzi wa shule, Skolinspektionen, mkiambatisha fomu na majibu yote yenye tarehe. Majibu ya mdomo hayasaidii, kwa hiyo mkuu wa shule akikupigia simu, mwandikie barua pepe siku hiyohiyo ukirudia alichosema.